Barua ya Wazi kwa Wahariri wa Habari za Kiswahili: Nani Amesema Mambo Haya Mawili Yanahusiana?

Kwa: Wahariri Wakuu, Wahariri wa Habari na wasimamizi wa zamu katika magazeti, redio, televisheni na idhaa zinazotangaza kwa Kiswahili

Nakala: Baraza la Habari Tanzania, Baraza la Vyombo vya Habari Kenya

Yah: Kuunganishwa kwa kauli za viongozi na matukio ya karibuni

Waheshimiwa Wahariri,

Katika habari nyingi za kisiasa zinazochapishwa na kutangazwa kwa Kiswahili, baada ya aya mbili au tatu zinazoeleza kiongozi fulani amesema nini, hufuata sentensi inayoanza kwa maneno kama "kauli hiyo imekuja siku chache baada ya" au "matamshi hayo yametolewa wakati ambapo", na kisha hutajwa tukio: kifo, maandamano, kujiuzulu kwa waziri, mapinduzi katika nchi ya jirani au hukumu ya mahakama. Sentensi hiyo ndiyo inayozungumziwa katika barua hii. Haionekani kuwa na uzito, na mara nyingi huongezwa dakika za mwisho na mtu ambaye hakuwapo mkutanoni. Lakini ndiyo inayomwambia msomaji kauli aliyoisoma imetokana na nini na inamlenga nani, na hufanya hivyo bila kumtaja yeyote anayebeba dhamana ya maelezo hayo.

Si kila uhusiano wa aina hiyo ni mbaya, na barua hii haiombi kauli zichapishwe zikiwa zimetengwa na wakati wake, kwa kuwa maneno yasiyo na wakati wala mahali hayaeleweki. Kinachoombwa ni kutambua kwamba uhusiano kati ya kauli na tukio hupatikana kwa njia zisizolingana kwa nguvu. Nguvu kubwa zaidi iko pale ambapo msemaji mwenyewe amelitaja tukio. Rais William Ruto alipotangaza tarehe 26 Juni 2024 kwamba hatatia saini Mswada wa Fedha wa mwaka huo, siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, alisema waziwazi kwamba amewasikia Wakenya walioukataa mswada huo, na kwa hiyo mwandishi aliyeandika kwamba tangazo lile lilitokana na maandamano hakuongeza neno lake mwenyewe. Huo unaweza kuitwa uhusiano wa ndani, kwa maana kwamba umo katika kauli yenyewe. Upo pia uhusiano wa ushahidi, ambao msemaji hakuutaja lakini unathibitishwa na mtu au hati inayoweza kuonyeshwa: ofisa aliyehudhuria kikao, barua ya wizara, rasimu ya hotuba, au mchambuzi anayetoa tafsiri yake kwa jina lake. Unaobaki ni uhusiano wa kalenda, yaani ule ambao hauna msingi mwingine isipokuwa kwamba jambo moja lilitokea Jumatatu na jingine likasemwa Jumatano. Tatizo ni kwamba katika uandishi wa kila siku aina zote hizo huandikwa kwa sentensi ile ile, na msomaji hana njia ya kujua ipi ni ipi.

Sentensi ya kalenda inadumu kwa sababu ina kinga. Kila nusu yake ni kweli: kiongozi alisema, na tukio lilitokea, maneno yanayoziunganisha nusu hizo yanadai mfuatano wa siku tu, na mfuatano huo hauwezi kukanushwa na wakili wala na msemaji wa Ikulu. Katika mazingira ambamo gazeti linaweza kufungiwa au kudaiwa fidia kubwa kwa sababu ya aya moja, si ajabu kwamba waandishi wamejifunza kudokeza jambo wasiloweza kulisema, na si haki lawama yote iwaangukie wao. Hata hivyo, kinachomlinda mwandishi mahakamani hakimlindi msomaji. Elimu ya mantiki, yaani taaluma inayochunguza namna hoja zinavyojengwa, imelitambua kwa karne nyingi kosa la kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha, na akili ya binadamu hulifanya kosa hilo bila kuombwa. Anayeyaweka mambo mawili jirani katika sentensi moja anajua, au anapaswa kujua, kwamba msomaji ataijaza mwenyewe nafasi iliyoachwa kati yake.

Namna habari zinavyowafikia watu huzidisha uzito wa jambo hili. Nchini Tanzania vipindi vya asubuhi vya redio na televisheni husoma kurasa za mbele za magazeti, na watu wengi kuliko wanunuzi wa magazeti hayo husikia kichwa cha habari na pengine sentensi ya kwanza, kisha mtangazaji huhamia gazeti jingine. Kwenye meza za wauza magazeti watu husimama, husoma kilichoko mbele na kwenda zao kazini. Maelezo ya tahadhari yaliyowekwa katika aya ya tisa, ukurasa wa ndani, hayawafikii hao. Kinachowafikia ni picha ya kiongozi, picha ya tukio na maneno machache makubwa kati ya picha hizo, na mara nyingi uhusiano ambao mwandishi aliudokeza kwa woga katikati ya habari yake huwa umepandishwa na mtunga vichwa hadi ukawa ndiyo habari yenyewe.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa undani ni ule wa Afrika Kusini mwaka 2015. Mwezi Machi mwaka huo Mfalme Goodwill Zwelithini wa Wazulu alihutubia mkutano huko Pongola, kaskazini mwa jimbo la KwaZulu-Natal, na katika hotuba iliyohusu kuporomoka kwa maadili alisema, kwa maneno makali, kwamba wageni wanapaswa kufungasha virago na kurudi makwao. Mwishoni mwa mwezi huo huo mashambulizi dhidi ya wageni kutoka nchi nyingine za Afrika yalianza Isipingo, kusini mwa Durban, yakaenea katika vitongoji vya jiji hilo mwezi Aprili na kufika hadi Johannesburg. Watu wasiopungua 7 waliuawa, na maelfu walikimbilia kambi za mahema. Habari zilizosambaa duniani ziliyaweka mambo hayo katika sentensi moja: mashambulizi yameanza baada ya mfalme kusema wageni waondoke. Mfalme alikana. Tarehe 20 Aprili, mbele ya maelfu ya watu katika uwanja wa Moses Mabhida jijini Durban, aliyakemea mashambulizi na kuvilaumu vyombo vya habari kwa kuyapotosha maneno yake.

Baadaye taasisi mbili zilifanya kazi ambayo sentensi ile ilikuwa imejifanya kuwa imekwisha kufanyika. Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini iliichunguza hotuba, na mwaka 2016 ikaona kwamba maneno ya mfalme yaliumiza na yalikuwa na madhara, lakini hayakufikia kiwango cha kisheria cha matamshi ya chuki. Kamati maalumu iliyoundwa na serikali ya jimbo, chini ya Jaji Navi Pillay, iliuliza jinsi vurugu zilivyoanza mtaani, na ikakuta mambo ambayo hayakuwamo katika sentensi ile: mgogoro wa ajira katika biashara moja ya Isipingo ambako wafanyakazi wenyeji waliogoma walikuta nafasi zao zimechukuliwa na wageni, ushindani wa maduka madogo, watu walioona faida katika kuwafukuza washindani wao, na vitongoji maskini ambavyo wenyeji na wageni waligombania huduma zile zile chache. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa nchini humo katika mashambulizi ya aina hiyo hiyo, miaka saba kabla ya hotuba ya Pongola.

Haifuati kutokana na hayo kwamba hotuba ile haikuwa na athari. Mtu mwenye heshima kama ya mfalme yule anaposema wageni waondoke, waliokwisha kukusudia kushambulia wanaweza kuona kwamba wamepewa baraka, na wasiokusudia wanaweza kuona kwamba kunyamaza kwao kunaruhusiwa. Lakini hilo ni swali linalohitaji miguu ya mwandishi: ni nani kati ya washambuliaji aliyeisikia hotuba, aliisikia kupitia redio gani, aliirudia kwa nani, na nani alianza kurusha jiwe la kwanza Isipingo na kwa kisa gani? Mwandishi aliyefika na kuuliza hivyo angepata uhusiano wa ushahidi, uwe unamtia hatiani mfalme au unamwondolea lawama. Sentensi ya kalenda iliwaondolea wengi haja ya kufika huko. Na jambo ambalo wahariri hulifikiria kwa nadra ni kwamba ilimsaidia hata aliyelaumiwa, kwa kuwa tuhuma iliyodokezwa tu hukanushwa kwa urahisi, na kiongozi hupata nafasi ya kugeuka na kuwa yeye ndiye aliyeonewa na magazeti, huku wenye biashara na wenye faida waliokuwa karibu zaidi na chanzo cha vurugu wakibaki bila kuulizwa lolote.

Jina la Jaji Pillay linauunganisha mfano huo na jiji la Arusha, ambako swali la maneno na matokeo yake lilijibiwa kwa uangalifu mkubwa. Yeye ndiye aliyeongoza jopo la Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda lililotoa hukumu tarehe 3 Desemba 2003 katika kesi iliyojulikana kama kesi ya vyombo vya habari, dhidi ya Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Hakuna msomaji wa ukanda huu anayehitaji kuelezwa RTLM ilifanya nini. Ilikuwa rahisi mno kusema kwamba redio ilianza kueneza chuki mwaka 1993, mauaji yakaanza Aprili 1994, kwa hiyo la kwanza lilileta la pili. Mahakama ya rufaa, katika uamuzi wake wa tarehe 28 Novemba 2007, haikuridhika na mfuatano huo. Ilikubali kwamba matangazo yaliyotolewa baada ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ilipodunguliwa ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana akitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, yalichangia mauaji kwa kiasi kikubwa. Lakini kuhusu matangazo ya kabla ya siku hiyo, ingawa yalichochea chuki ya kikabila, iliona kwamba mchango wake katika mauaji yaliyofuata haukuthibitishwa, kwa hoja kwamba kadiri muda kati ya tangazo na kifo unavyorefuka, ndivyo unavyoongezeka uwezekano kwamba jambo jingine ndilo lililosababisha kifo hicho. Hatia kadhaa zilifutwa, nyingine zikabaki, na vifungo vikapunguzwa hadi miaka 30 kwa Nahimana, 32 kwa Barayagwiza na 35 kwa Ngeze.

Uamuzi huo uliwaudhi wengi, na ni haki yao kuudhika, maana waliosikia majina ya ndugu zao yakisomwa redioni hawahitaji kufundishwa habari za uthibitisho. Hata hivyo una mambo mawili yanayokihusu kila chumba cha habari. La kwanza ni kwamba majaji waliokuwa na kanda za matangazo, mashahidi waliohojiwa na kuhojiwa tena, na miaka ya kutafakari, walikataa kuyachukua maneno kuwa sababu ya vifo kwa kuwa tu yalitangulia, na walikataa hivyo katika kesi ya redio ambayo uovu wake haukuwa na shaka. Mhariri wa zamu ya usiku, mwenye simu moja na nusu saa kabla ya gazeti kwenda mitamboni, hawezi kudai kwamba yeye ameuona uhusiano ambao wao hawakuuona. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni tofauti ambayo sheria inaiweka kati ya uchochezi na kusababisha. Uchochezi wa mauaji ya kimbari ni kosa linalokamilika pale maneno yanapotamkwa hadharani kwa nia hiyo, hata kama hakuna aliyeyafuata. Kusababisha ni jambo jingine, ambalo lazima lionyeshwe kwa kufuata njia ya maneno kutoka kinywani hadi kwenye mkono uliotenda. Chombo cha habari kinachosubiri damu imwagike ndipo kiikumbuke kauli ya chuki, na kuitaja kwa sababu tu imetangulia, kinawafundisha viongozi kwamba kauli ya chuki isiyofuatiwa na damu haina ubaya. Kauli ya namna hiyo inastahili habari siku ile ile ilipotolewa, kwa ubaya wake yenyewe, ikiwa na jina la msemaji, mahali na maneno kamili.

Hadi hapa imezungumziwa kauli inayotangulia tukio. Kinyume chake, yaani kauli inayofuata tukio, ni cha kawaida zaidi, na kasoro yake ni ya aina nyingine, kwa kuwa hapa mwandishi huchagua tukio la kutanguliza na kwa uchaguzi huo huamua maana ya kauli. Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka Februari 2021. Tarehe 17 mwezi huo alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake cha ACT-Wazalendo kilikuwa kimetangaza kwamba aliugua korona, na siku hiyo hiyo akafariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Tarehe 19, katika kumuaga Balozi Kijazi, Rais John Magufuli aliwataka wananchi wasiingiwe na hofu na wamtegemee Mungu. Tarehe 20 Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitoa tamko la kuitaka Tanzania ichukue hatua madhubuti dhidi ya ugonjwa huo. Tarehe 21, siku ya Jumapili, Rais Magufuli akasema kanisani jijini Dar es Salaam kwamba serikali haijakataza barakoa, ila watu wawe waangalifu na zile zinazotoka nje na wapendelee zilizotengenezwa nchini.

Kauli hiyo moja ingeweza kuunganishwa na tukio lolote kati ya hayo, na kila uunganisho ungeleta habari tofauti. Ikitanguliziwa misiba, inakuwa kauli ya kiongozi aliyeguswa na vifo vya watu wa karibu na sasa analegeza msimamo. Ikitanguliziwa tamko la Shirika la Afya Duniani, inakuwa jibu kwa shinikizo la nje. Ikitanguliziwa hotuba yake ya Chato ya tarehe 27 Januari, ambamo alizitilia shaka chanjo zinazotoka ng'ambo, inakuwa si kulegeza bali ni mwendelezo wa shaka ile ile juu ya vitu vya kigeni, safari hii ikihusu barakoa. Habari hizo tatu haziwezi kuwa sawa zote kwa kiwango kimoja, na zingeandikwa na watu waliosikia hotuba ile ile, wakiwa na kalenda ile ile mezani. Msomaji aliyesoma moja tu kati yake hakuambiwa kwamba kulikuwa na nyingine mbili, na wala hakuambiwa kwamba aliyechagua alikuwa mhariri. Katika wiki ambazo watu walikuwa wakiamua wavae barakoa au wasivae, waende hospitali au wabaki nyumbani, uchaguzi huo haukuwa jambo dogo.

Sehemu ya tatizo hutoka katika taarifa za mashirika ya habari ya kimataifa, ambazo vyumba vingi vya habari vya Kiswahili hutegemea kwa habari za nje na, kwa namna ya kusikitisha, hata kwa habari za nchi jirani. Usuli, yaani ile aya inayoeleza yaliyotangulia, huandikwa huko kwa ajili ya msomaji wa London au Paris ambaye hajui Kigali iko upande gani wa ziwa, na kwa kuwa msomaji huyo anajua tukio moja kubwa la wiki, kila jambo la Afrika hutundikwa kwenye tukio hilo. Tarehe 30 Agosti 2023, siku wanajeshi wa Gabon walipompindua Rais Ali Bongo, Jeshi la Ulinzi la Rwanda lilitangaza kustaafishwa kwa majenerali 12 pamoja na maofisa wakuu 83, na nchini Cameroon Rais Paul Biya akafanya uteuzi mpya katika wizara ya ulinzi. Taarifa nyingi ziliziunganisha hatua hizo na mapinduzi yale. Pengine kulikuwa na uhusiano, hasa kwa kuwa mapinduzi ya Niger yalikuwa yametokea mwezi uliotangulia. Lakini orodha ya watu wengi kiasi hicho, yenye vyeo, umri na stahili za kila mmoja, haiandaliwi kati ya alfajiri na jioni, na mhariri wa Bujumbura, Kampala au Mwanza, anayeijua Rwanda kuliko mhariri wa Paris, alikuwa na kila sababu ya kuuliza kabla ya kuichapisha aya ya mwenzake.

Ipo hoja nzito ambayo wahariri wanaweza kuitoa dhidi ya barua hii, nayo ni kwamba viongozi wa ukanda huu hawasemi waziwazi. Husema kwa mafumbo na vijembe. Hutaja "baadhi ya watu", "wale wenzetu", "wanaotumiwa na mabeberu", wakiwa msibani au kwenye sherehe ya kidini, siku moja baada ya mwanachama mkubwa kuhama chama, na kila aliyeko pale anajua nani amelengwa. Mwandishi anayenukuu maneno hayo bila kutaja aliyehama anakuwa ameshiriki katika kumficha msemaji. Hoja hiyo ni ya kweli, na katika lugha ambayo watu wake wamesema tangu kale kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, haifai kuwataka waandishi wajifanye hawaelewi. Lakini fumbo lina ushahidi wake. Lina mahali lilipotamkwa, watu waliokuwapo, waliocheka na walioinama, jina lililotajwa sentensi mbili kabla, methali iliyochaguliwa, na historia ya ugomvi kati ya wahusika. Mwandishi anayeyaeleza hayo anampa msomaji vitu vya kugangulia, na uhusiano unakuwa wa ushahidi. Anayeandika tu kwamba kauli imekuja siku moja baada ya fulani kuhama amechukua kazi ya waliokuwapo na kuikabidhi kwa kalenda. Tena fumbo lina njia nyingine rahisi ambayo hutumika kwa nadra isiyoeleweka, nayo ni kumwuliza aliyelitamka alimkusudia nani, na kuchapisha jibu lake, au kuchapisha kwamba alikataa kujibu.

Kuhusu kuuliza, kuna desturi nyingine inayohitaji kusemwa. Mara nyingi kauli inayoripotiwa kana kwamba kiongozi aliamka asubuhi akaamua kuitoa ilikuwa jibu kwa swali la mwandishi aliyemsubiri mlangoni, na swali hilo ndilo lililolileta tukio. Habari inayosema "waziri alia na mauaji ya jana" inapotosha ikiwa waziri alikuwa amekwenda kuzindua kisima, hakusema lolote kuhusu mauaji, na alipoulizwa alijibu maneno saba huku akielekea kwenye gari lake. Msomaji angejifunza zaidi kama angeambiwa kwamba waziri alihutubia kwa saa nzima bila kuyagusa mauaji hayo hadi alipoulizwa. Vivyo hivyo, klipu ya zamani inayoibuliwa baada ya tukio na kuwekwa hewani bila tarehe huwafanya wasikilizaji waamini kwamba kauli imetolewa leo, na chombo chenye jina kinapoirusha, hata kwa kuchelewa, kinaipa klipu hiyo heshima ambayo haikuwa nayo ilipozunguka katika simu za watu.

Wahariri wanaombwa, kwa hiyo, wairuhusu sentensi ya kuunganisha ipite baada tu ya mwandishi kujibu swali moja: nani amesema mambo haya mawili yanahusiana? Ikiwa ni msemaji mwenyewe, maneno yake aliyoyasema yanukuliwe. Ikiwa ni shahidi au mchambuzi, atajwe, na ielezwe anajuaje. Ikiwa hakuna, na bado mhariri anaona kwamba msomaji hawezi kuielewa kauli bila tukio, basi iandikwe hivyo bila kificho, kwamba kiongozi hakulitaja tukio hilo na hakuna aliyethibitisha kwamba alilikusudia. Na ikiwa matukio yaliyotangulia ni mawili au matatu, yatajwe yote, hata kama aya itarefuka. Watunga vichwa vya habari wazuiwe kupandisha hadi kichwani uhusiano ambao mwandishi hakuuthibitisha ndani. Klipu yoyote itakayorushwa isemwe tarehe na mahali iliporekodiwa, kwa sauti, kabla ya kuchezwa, kwa sababu msikilizaji wa redio haoni maandishi ya pembeni.

Ombi la mwisho linahusu kumbukumbu. Uchunguzi wa hotuba ya Pongola na wa vurugu za Durban ulitangazwa mwaka uliofuata ule wa mashambulizi, wakati ambapo habari zilizowaunganisha mfalme na waliouawa zilikuwa zimekwisha kusomwa katika mabara yote, na matokeo yake hayakupata hata sehemu ndogo ya nafasi iliyopewa tuhuma. Kila dawati la habari liweke daftari la uhusiano lililoudokeza bila kuuthibitisha, likionyesha tarehe, kauli, tukio na jina la aliyeidhinisha, na daftari hilo lipitiwe kila baada ya miezi michache. Pale tume, mahakama au mwandishi mwenyewe atakapokuwa amepata jibu, jibu hilo lichapishwe katika ukurasa ule ule, au lisomwe katika taarifa ya saa ile ile, ambamo uhusiano ulidokezwa mara ya kwanza.